Mama aliyepata kisukari cha ujauzito apimwe tena

Mhariri,

Nachangia mjadala kuhusu kisukari na maradhi ya moyo, ambao kwa kawaida huishia kwa mwanamume wa makamo mwenye kitambi. Ni kweli wanaume hupata kisukari cha aina ya pili wakiwa na unene mdogo kuliko wanawake. Hata hivyo, kisukari kikishamwingia mwanamke, humzidishia hatari ya ugonjwa wa moyo kuliko kinavyomzidishia mwanamume. Estrojeni, homoni inayosaidia kulinda mishipa ya damu kabla ya hedhi kukoma, haifui dafu mbele ya sukari nyingi.

Onyo la mapema tunalo, ila tunalipuuza. Mwanamke aliyepata kisukari akiwa mjamzito yumo katika hatari ya kisukari cha aina ya pili angalau mara saba kuliko ambaye hakukipata. Anastahili kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Mama huyo huyo huja kliniki na mtoto kwa chanjo wiki ya 6, 10 na 14! Mtoto hupimwa uzani na kudungwa sindano. Sukari ya mama, mara nyingi, haiulizwi.

Idara ya afya ya Kaunti ya Kisumu iagize kina mama hawa wapimwe siku ya chanjo ya wiki ya 10, wakiambiwa mapema waje bila kustaftahi. Matokeo yaandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto, kisha wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa glukomita (vifaa vya kupima sukari kwenye damu) mwaka wa 2023, wawafuatilie nyumbani. Stripu za kupimia nazo zinunuliwe. Glukomita bila stripu ni pambo.

Msomaji,
Kondele, Kisumu