Kwa Baba Furaha, kabla hujaingia milimani

Missoula, Montana
Mwishoni mwa Agosti

Ndugu yangu Baba Furaha,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Furaha na kwa watoto. Huku hatujambo, Mama Neema anawasalimu wote. Nimefurahi sana kusikia umepata leseni ya kuwinda na tagi ya elki, ile karatasi ya kibali cha kuua mmoja wa wale kulungu wakubwa wa huku, na kwamba mwezi wa kumi utaingilia Grandjean mpaka ndani ya pori la hifadhi la Sawtooth, huko kwenu Idaho. Umenieleza bunduki, darubini, viatu, hata hema. Mwishoni ukaongeza kwamba unaenda peke yako. Sikuandikii kukuzuia. Mimi pia huwinda peke yangu misimu mingine, maana kazi zetu za zamu haziwapi marafiki wawili likizo ya wiki moja. Nakuandikia kwa sababu katika ujumbe wote ule hukusema nyama itatokaje huko.

Hebu tupige hesabu pamoja. Elki dume aliyekomaa ana kilo 300 na zaidi, jike kama 225. Ukishaondoa ngozi, kichwa, matumbo na mifupa, dume atakuachia kati ya kilo 90 na 110 za nyama tupu. Mgongo unao mmoja. Mtu mwenye nguvu zake anaweza kubeba kilo 25, labda 30, mahali pasipo na njia, akiruka magogo na kukanyaga mawe yanayoteleza, kisha akawa na pumzi ya kurudi tena. Basi ni mizigo minne au mitano. Elki akianguka kilomita 3 kutoka kwenye gari, mizigo mitano ni safari tano ukiwa umebeba na nne ukirudi mikono mitupu: kilomita 27. Akianguka kilomita 6, ni 54, na milima ya kwenu haina tambarare. Kwa hiyo chagua umbali wako sasa, ramani ikiwa mezani na moyo umetulia. Ukishamwona mnyama huwezi tena kuamua vizuri. Mpaka wangu nikiwa peke yangu ni kilomita 3, na kama kurudi kwenye gari ni kupanda, naupunguza. Nimewahi kuwatazama elki wanono wakila majani ng'ambo ya bonde na nikaacha bunduki begani, na hilo sijalijutia.

Kinachoharibu nyama huko kuliko kitu chochote ni joto. Oktoba inaweza kukuamsha na barafu kwenye hema, na saa nane mchana ukavua koti. Elki ana manyoya mazito ya kupambana na baridi kali, na akishakufa, manyoya hayohayo yanafungia joto ndani. Paja ni nene mno. Kuzunguka mfupa wa nyonga nyama inaweza kuoza huku nje ikionekana nyekundu na safi. Usiseme utamwacha mzima mpaka asubuhi kwa kuwa usiku ni wa baridi. Washa taa ya kichwani, uanze kazi.

Mzee mmoja wa hapa, jirani yangu, ndiye aliyenionyesha namna ya kutoa nyama bila kufungua tumbo, na kwa mtu mmoja sioni njia nyingine. Kwanza kata alama za mwezi na siku kwenye tagi, kisha mlaze elki ubavu. Kama ni mteremko, mfunge mguu kwa kamba kwenye mti, asikuporomokee. Pasua ngozi juu ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, uichune kushuka kuelekea tumboni, na uitandaze chini ikuwekee nyama mbali na udongo. Mguu wa mbele haukuungwa na mwili kwa mfupa wowote, ni misuli tu. Uinue, pitisha kisu kati ya bega na mbavu, na utaachia wenyewe. Wa nyuma ndio wenye kazi: fuata mfupa wa nyonga taratibu kwa ncha ya kisu hadi ukikute kiungo cha duara, kata kano iliyo ndani yake, nao utafunguka. Kisha sarara ndefu ya mgongoni, kisha shingo, kisha nyama ya mbavu. Mgeuze, rudia upande wa pili. Fileti imejificha chini ya uti wa mgongo kwa ndani. Ingiza mkono nyuma ya ubavu wa mwisho, sukuma matumbo chini, uivute taratibu. Peke yako kazi hii ni ya saa nyingi, usijilaumu ukichelewa. Beba kitu cha kunolea, maana ngozi ya elki inamaliza makali ya kisu haraka.

Kila kipande kikitoka, kitie kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Nyama yenye joto usiitie kwenye plastiki hata kwa dakika chache. Mapaja yapasue hadi mfupani yatoe joto. Mifupa mimi huitoa nyama ikishapoa, kwa sababu kila kilo isiyolika ninaibeba mimi, lakini acha alama ya jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha kama ni dume au jike, ishikamane na nyama kama kitabu cha kanuni za uwindaji kinavyotaka.

Sheria ya Idaho inakudai miguu ya nyuma hadi kwenye kifundo, ya mbele hadi gotini, na nyama yote ya mgongoni. Shingo na mbavu chukua kwa hiari yako. Sisi tuliopanga foleni ya mahindi na maharage kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukijua wiki zitapita bila kuonja nyama, tusimwachie kunguru hata kipande. Hapa naomba unisikilize kama kaka yako: mnyama huyu akifa kwa risasi yako halafu akaozea msituni, hiyo ni dhambi kwake na kwa watoto wako.

Sasa mahali pa kuiweka wakati unabeba. Sisi tumezaliwa karibu na Ikweta, jua letu linapita utosini, kwa hiyo jambo hili halitujii lenyewe: huku mwezi wa kumi jua linakaa kusini siku nzima. Tafuta mteremko unaotazama kaskazini, chini ya miti mizito, karibu na kijito, kwani hewa ya baridi hushuka bondeni. Sogeza mifuko angalau mita 100 kutoka kwenye mzoga, itundike mita 3 na zaidi kutoka ardhini, mbali na shina la mti. Chagua mahali utakapoweza kupaona kutoka mbali ukirudi. Huku kwetu kuna grizli, wale dubu wakubwa wakali. Kwenu Sawtooth ni dubu weusi na mbwamwitu, lakini adabu ni ileile: rudi ukiongea kwa sauti, dawa ya kupulizia dubu ikiwa kiunoni, tazama kwanza. Ukikuta dubu ameshaikalia nyama, mwachie.

Mzigo wa kwanza uwe paja, wakati mwili bado una nguvu. Ufunge juu, katikati ya mabega, ukibana mgongo. Ukining'inia chini utakuvuta nyuma kila hatua. Tembea na fimbo mbili. Kilo 30 usizivuke hata ukijisikia vizuri, kwa sababu kifundo kikiteguka huko hakuna wa kukuinua. Kifaa cha setilaiti beba, na mpatane na Mama Furaha saa za kumtumia ujumbe.

Ule mkokoteni ulioununua hautaingia Sawtooth. Sheria ya maeneo ya pori ya mwaka 1964 inakataza magurudumu ndani ya mipaka yake, hata ya kusukuma kwa mkono. Utakufaa sana kwenye barabara za msitu zilizofungwa nje ya mpaka, na kwa kweli ningekuwa wewe mwaka huu ningewinda hukohuko. Kama moyo umeshaegemea Grandjean, basi tafuta mapema mtu mwenye leseni na nyumbu wa mizigo, mpatane bei kabla msimu haujaanza. Na ndani ya gari acha masanduku ya barafu yenye chupa za maji ulizogandisha, nyama ya kwanza isikae kwenye joto ukifuata ya pili.

Nitumie tarehe zako na alama ya mahali kwenye ramani. Kutoka hapa hadi Stanley, mji ulio karibu na Sawtooth, ni kama saa tano kwa gari. Nitajaribu kubadilishana zamu wiki hiyo. Ukimwangusha, nitumie ujumbe kabla hata hujatoa kisu, nije na mfuko wangu wa mgongoni tugawane mizigo. Mwambie Furaha zile picha alizochora zimefika, Neema amezibandika ukutani.

Ndugu yako,
Baba Neema