Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Bustani za Mtaani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Chakula Duniani, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya;
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu;
Ndugu Afisa Mtendaji wa Kata;
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi mliotupa uwanja huu;
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mama lishe, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Wewe tunakushukuru kwa kukubali kushuka kwenye gari kule kwenye lami na kuja huku bondeni kwa miguu. Njia umeiona mwenyewe, kwa hiyo habari ya njia tumeifuta kwenye risala hii.

Leo ni tarehe 16 Oktoba, siku ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzishwa mwaka 1945. Wengine wanaiadhimisha kwa makongamano. Sisi tumeona tupike. Vinu vimelia hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi, na majirani ambao hawakualikwa wameshajialika. Wapishi tuliwapa masharti mawili. La kwanza, kila kinachoingia chunguni kiwe kimelimwa mtaani kwetu, isipokuwa chumvi, nazi, karanga, unga na dagaa. La pili, hakuna viungo vya pakiti. Tulidhani la kwanza ndilo litakaloleta maneno, kumbe ni la pili. Kuna mama mmoja alituambia waziwazi kwamba bila kile kipakiti mume wake atadhani amebadilishiwa mke.

Kwenye mabanda utakuta matembele ya nazi, mchicha wa karanga, mlenda, mnafu, ngogwe, majani ya maboga na kisamvu. Kisamvu tumekiweka banda la kwanza kwa makusudi. Mabinti wetu wengi wanakijua kikiwa tayari kwenye sahani, lakini hawajui kwa nini bibi alikitwanga mpaka kikalainika, kisha akakichemsha muda mrefu kabla ya kutia nazi. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Wanafunzi wa darasa la sita wamepewa mchi kwa zamu leo, na viganja vyao vitakueleza vizuri kuliko mimi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kuna swali tunaloulizwa kila mara: mjini mnalimaje? Wakazi wa mkoa huu, kwa sensa ya mwaka 2022, ni watu 5,383,728, na karibu kila nyumba inakula mboga ya majani. Kabichi na karoti zinaweza kulala kwenye lori kutoka Lushoto na bado zikafika na uso wake. Mchicha hauwezi. Ukichumwa alfajiri, saa saba mchana umeshanyong'onyea. Ndiyo maana mboga ya majani ya Dar es Salaam, sehemu kubwa sana, imekuwa ikilimwa Dar es Salaam hii hii: mabondeni, kando ya reli, chini ya nyaya za umeme mkubwa, na kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Mchuuzi anakuja na beseni, ananunua tuta zima, anachuma mwenyewe, na saa moja asubuhi yuko mlangoni kwako anapiga kelele. Tuta la mchicha ni kama wiki tatu hadi nne, umepanda na umevuna. Hakuna kazi nyingine tunayoijua isiyo na mtaji inayolipa upesi hivyo.

Wala si jambo geni. Wazee wetu wanakumbuka "Kilimo cha Kufa na Kupona" cha miaka ya sabini, mijini watu walipohimizwa kulima kila upenyo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mtu kulima mjini, mradi asizidishe ekari tatu. Hapa kwetu hakuna mwenye hata robo ekari, kwa hiyo hilo halijawahi kutusumbua.

Kikundi chetu kilianza na akina mama tisa na viroba. Kila mmoja alijaza kiroba udongo uliochanganywa na samadi ya kuku, akatoboa matundu ubavuni, akachomeka miche. Tulianza hivyo kwa sababu wengi ni wapangaji, na kiroba unahama nacho. Baadaye vijana walijiunga, tukapata kipande hiki cha bondeni, tukaanza matuta. Wadudu tunawapulizia maji ya mwarobaini, pilipili na sabuni ya kipande. Haimalizi wote, lakini mtoto akichuma jani na kulila bichi, mama yake hakimbilii zahanati. Tumeongeza pia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, kwa ajili ya uji wa watoto na kwa ajili ya matembele yake.

Shule hii imetupa kona ya uwanja, nasi tunawafundisha watoto. Sisi tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea tunakumbuka shamba la shule lilivyokuwa adhabu ya wachelewaji. Tumemwomba Mwalimu Mkuu asimlete mtoto bustanini kwa kosa lolote. Amekubali, na sasa tatizo ni kuwatoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tuseme lililotufanya tukuite wewe na si mtu mwingine.

Mwanzoni tulimwagilia maji ya Mto Msimbazi. Hatutakuficha. Mto huu unatoka milima ya Pugu ukiwa mto kweli, lakini kabla ya kufika baharini pale Daraja la Salender umeshapokea maji ya viwandani, vyoo na kila tunachotupa sisi wenyewe. Watafiti wamepima mboga za bonde hili mara kadhaa na kukuta madini mazito, ikiwemo risasi. Matokeo hayo hatukusomewa sisi. Tuliyapata kwa kijana wetu mmoja aliyekuwa chuoni. Siku aliyotueleza, kikao kilikaa kimya muda mrefu, maana kila aliyekuwepo alikuwa ameilisha mboga ile familia yake, na kuiuza.

Tuliacha. Tulichimba kisima kifupi kwa mikono, tukahamisha matuta yaliyokuwa karibu na mto, na msimu mzima hatukuwa na cha kuuza. Wanakikundi wanne waliondoka, na hatuwalaumu, kwa sababu kodi ya chumba haisubiri. Lakini hicho kisima nacho hakijapimwa. Hatujui kama tumeukimbia mto au tumeufuata chini ya ardhi.

Ombi letu la kwanza ni hilo: maji ya kisima na udongo wa matuta yapimwe, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa shule hii, yawe mazuri au mabaya. Yakiwa mabaya tutarudi kwenye viroba na maji ya bomba. Tutalima kidogo, lakini tutalala.

La pili ni barua. Mwaka jana tuliamka tukakuta kibanda chetu cha zana kimechorwa alama ya X nyekundu, ile ya jengo la kubomolewa. Tulizunguka ofisi kwa ofisi, na kila ofisi ilisema si yenyewe iliyochora. Kibanda bado kipo, X ipo, na hakuna mtu anayeweka samadi ya fedha nyingi kwenye ardhi yenye X. Hatuombi hati. Tunajua hapa bondeni maji hujaa na hapafai kujengwa, na ndiyo sababu panafaa mchicha. Tunaomba karatasi inayosema tunaruhusiwa kulima mpaka eneo litakapohitajika, na kwamba tutapewa taarifa mapema tuweze kuvuna kilicho ardhini.

Kuhusu mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, tumeomba, tuna katiba na akaunti ya benki. Shida ni ndogo ila inachekesha: asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na sisi tuna wazee watatu wa kiume walio wazima wa viungo. Tumeshauriwa tuwaondoe ili tusajiliwe kama kikundi cha wanawake. Ndio waliochimba kisima. Tunaomba maafisa wako watusaidie kupata njia nyingine. Tunachohitaji ni tangi la maji na pampu ndogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tumekuandalia zawadi ya kiroba kimoja chenye matembele yaliyoshika, ukiweke nyuma ya ofisi yako. Yanataka maji asubuhi na jioni, na ukichuma ncha yanachipua tena. Kijana wetu atapita baada ya wiki mbili kuyatazama, na tunakuomba umwambie mlinzi wa getini asimzuie.

Kisamvu kimeshaiva, na mpishi wake ameniambia niache kusoma kabla ugali haujapoa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi