Kibao cha meli pale Mama Ngina

Mhariri,

Jioni pale Mama Ngina, bustani ya ufukweni Mombasa, watu huacha mihogo yao na kuinua simu meli ya makontena inapoingia bandari ya Kilindini. Mlango ni mwembamba. Meli hupita karibu hadi jina lake lasomeka ubavuni, rubani wa bandari anayeiongoza akiwa juu yake. Mbele kidogo, feri za Likoni husubiri ipite. Picha tamu zaidi, kwangu mimi, ni ile yenye mbuyu mbele na meli nyuma.

Ila mgeni hana wa kumweleza anachokiona. Wahusika waweke kibao cha meli zinazotarajiwa na saa zake, na waandike waziwazi ni wapi kupiga picha kunaruhusiwa. Tena jamani, mibuyu ile tusiichonge majina!

Mpenda meli,
Mombasa