Posta isiachiwe mapanki

Ndugu Mhariri,

Posta ikitajwa siku hizi jibu liko tayari: inajiendesha kwa hasara, simu zimeiua, ipunguzwe. Barua zimepungua kweli, hilo halina ubishi. Huko Denmark posta yao, PostNord, ilisambaza barua yake ya mwisho 30 Desemba 2025. Ila hasara nayo hupikwa, na inaweza kupikwa bila mtu kuiba hata senti.

Chukua hesabu hii (namba ni zetu, za kufafanulia tu). Posta ina vifurushi 100. Tisini ni vya Mwanza mjini kwenda Dar es Salaam, kila kimoja kinaacha faida ya sh. 1,000. Kumi ni vya kisiwa cha Ukara, ziwani Victoria: meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, kivuko hadi Bwisya, na kila mfuko unapobadilisha chombo lazima awepo wa kuuhesabu na kusaini. Kivuko kikikwama, mfuko unalala. Kila kimoja kinakula hasara ya sh. 7,000. Ukijumlisha, bado kuna faida ya sh. 20,000. Sasa inakuja kampuni, inachukua 60 vya Dar na haigusi hata kimoja cha Ukara. Posta inabaki na faida ya 30,000 na hasara ya 70,000. Hakuna mtumishi aliyezembea, lakini daftari linaonyesha imepoteza 40,000. Mwanza tunaujua mchezo huu: minofu ya sangara inapanda ndege, mapanki, yaani mifupa, yanabaki.

Marekani mambo haya yako wazi zaidi. Sheria ya 2006 iliilazimisha posta yao itenge mapema fedha za matibabu ya wastaafu, takriban dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa miaka kumi. Hasara ikapaa, na waliotaka ibinafsishwe wakapata ushahidi. Mwaka 2022 Bunge lao likafuta sharti hilo pamoja na malimbikizo ya dola bilioni 57 hivi. Hatusemi FedEx au UPS, kampuni binafsi za vifurushi, ndio walioiandika sheria ile. Ila kampuni hizo hutumia mamilioni ya dola kila mwaka kushawishi wabunge, na rejesta ya ushawishi huo iko wazi kwa yeyote. Na kwa miaka mingi hizo hizo zilikuwa zikiikabidhi posta vifurushi vya nyumba za mbali, kwa kuwa kuvifikisha zenyewe ni ghali. Julai 2025 posta hiyo ilipata mkuu mpya, David Steiner, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya FedEx.

Kwetu mnofu ulianza kuondoka zamani. Posta na simu vilikuwa shirika moja hadi vilipotenganishwa kuanzia 1994. Benki ya Posta ilikuwa imeshachomolewa. Huenda kulikuwa na sababu nzuri, lakini kilichobaki ndicho kinachoulizwa leo mbona hakinenepi.

Kwa hiyo siku TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na posta, itakapoita maoni ya wadau, au mshauri mwelekezi atakapopendekeza kaunta za posta zifungwe, watu wa Ukerewe, Kome na Sengerema waulize mambo ya daftari. Je, gharama za visiwani zimeandikwa kando na za mjini? Kama hazijatengwa, hakuna awezaye kusema kaunta fulani inaleta hasara kiasi gani. Mshauri huyo alifanyia kampuni zipi kazi miaka mitatu iliyopita? Maoni ya kampuni yatachapishwa na majina yake? Na anayepewa leseni ya nchi nzima atafika Bwisya, au atamchangia anayefika?

Itazameni Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari halisubiri feri tena, kwa hiyo wasafirishaji wataigombea njia hiyo. Ukara haina daraja.

Kaunta kwa kawaida haifungwi siku moja. Kwanza inafunguliwa siku tatu kwa wiki, barua zinalala kwenye mfuko, wateja wanahamia kwenye mabasi, kisha upungufu huo huo unaletwa kuwa sababu ya kufunga. Mkisikia siku zimepunguzwa, andikeni tarehe, na muombe idadi ya vifurushi vya mwezi uliotangulia, maana takwimu mtakazoonyeshwa baadaye zitaanzia baada ya hapo.

Wastaafu wa posta,
Kirumba, Mwanza