Grep haijui ngazi za faili

Kwa Mhariri,

Makala yenu ya usimamizi wa seva iliwashauri mafundi wa ofisi za wilaya, shule na SACCO watumie grep na sed, programu za kutafuta na kubadilisha maneno, kutafuta mipangilio ndani ya mafaili ya YAML na JSON, miundo miwili ya kuandika mipangilio kwa maandishi. Kwa faili ambalo kila jina na thamani yake vimekaa mstari mmoja, ushauri huo hauna ubaya. Kwa faili lenye ngazi, yaani jina ndani ya jina ndani ya jina, ni hatari, tena hatari isiyopiga kelele.

Chukueni faili la netplan, linalopanga mtandao kwenye Ubuntu:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      addresses:
        - 192.168.10.5/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses:
          - 8.8.8.8
          - 1.1.1.1

Fundi anataka kujua seva inauliza DNS ipi, yaani mtambo upi unaoigeuzia majina ya tovuti kuwa anwani. Akiandika grep addresses, anarudishiwa mistari miwili yenye neno lile lile, bila anwani hata moja, kwa sababu anwani zimeandikwa chini yake. Akiongeza -A2 ili aone mistari inayofuata, anwani ya seva yenyewe inatoka pamoja na za DNS, na zile nafasi za mwanzo wa mstari ndizo pekee zinazomwonyesha ipi ni ipi. Binadamu ataziona, skripti haitaziona. Na akija na sed kubadilisha neno hilo, atagusa sehemu zote mbili.

Dawa ni kutumia yq, programu inayosoma YAML kwa ngazi zake, na kutaja njia kamili kuanzia juu:

sudo yq '.network.ethernets.enp3s0.nameservers.addresses[]' /etc/netplan/50-cloud-init.yaml

Kila nukta inashuka ngazi moja, na mabano ya mraba yanatoa vitu vya orodha kimoja kimoja. Zile alama za nukuu moja-moja msiziache, la sivyo shell, yaani programu inayopokea amri zenu, inaweza kuyatafsiri mabano kabla yq haijayaona. Kupata geti la kutokea nje, chujeni kwa sharti:

sudo yq '.network.ethernets.enp3s0.routes[] | select(.to == "default") | .via' /etc/netplan/50-cloud-init.yaml

Kwa JSON tumieni jq, ambayo lugha yake ya kuuliza inafanana sana na hiyo. Ongezeni -r ili jibu litoke bila alama za nukuu.

Hapa ndipo wengi wanaumia: kuna programu mbili tofauti zinazoitwa yq. Moja imeandikwa kwa lugha ya Go na Mike Farah. Nyingine imeandikwa kwa lugha ya Python na Andrey Kislyuk, nayo hupeleka kazi kwa jq. Kwenye Ubuntu 24.04, apt install yq inaleta ile ya Python, na jibu lake hutoka kama JSON mpaka uongeze -y. Snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kusakinisha programu, inaleta ile ya Go, lakini snap imefungiwa isisome mafaili ya mfumo, hivyo hata kwa sudo itashindwa kufungua kilichomo /etc; itabidi uilishe: sudo cat faili | yq '...'. Anzeni na yq --version. Ile ya Go hutaja mikefarah na toleo la v4. Toleo la 3 la hiyo ya Go lilikuwa na amri za namna nyingine kabisa (yq r faili njia), na maelekezo yake ya zamani bado yamejaa mtandaoni.

Kosa baya kuliko yote ni null, yaani "hakuna kitu". Ukikosea herufi moja kwenye njia isiyo na mabano [], jq haikugombezi. Inajibu null na kumaliza kana kwamba mambo ni shwari. Skripti inalichukua neno hilo, inaliandika kwenye faili lingine, na huduma inaanza kutafuta seva iitwayo null. Wekeni -e, ili amri irudishe hali ya kushindwa jibu likiwa null. Ila -e huhesabu hata false kuwa kushindwa. Kama thamani halali yaweza kuwa false, ulizeni kwanza kwa has("jina"). Ndivyo ilivyo pia kwa alama ya // ya kuweka thamani mbadala: .washa // true inatoa true hata pale mtu alipoandika false kwa makusudi.

Majina yenye kistari, kama max-conn, yafungwe: ."max-conn". Bila nukuu, jq inadhani unatoa conn kwenye max.

Namba nazo zina mitego. Andika mwanzo wa namba za simu za mezani za Kampala, 0414, kwenye YAML bila nukuu, kisha usome kwa PyYAML, maktaba ya Python ya kusoma YAML: utapata 268, kwa kuwa sifuri ya mbele imeifanya namba ya msingi wa nane. Nambari ya simu yenye 8 au 9 ndani yake itapita salama kama maandishi, ndiyo maana hitilafu hii hutokea kwa wateja wengine na si wengine, na fundi huhangaika bure. Funga kwa nukuu kila namba isiyofanyiwa hesabu. Kwenye jq 1.6, iliyomo kwenye Ubuntu 22.04, namba kubwa kuliko 9007199254740992 inaweza kubadilika tarakimu za mwisho; 10000000000000001 inatoka 10000000000000000. Toleo la 1.7 la mwaka 2023 huiacha ilivyo usipoigusa.

Msiandike kamwe jq '...' a.json > a.json. Shell hufuta yaliyomo kwenye faili kabla jq haijalisoma. Andikeni kwenye faili la muda, hakikisheni amri imefaulu, ndipo mtumie mv kuliweka mahali pa lile la awali. Ile yq ya Go ina -i ya kubadilisha papo hapo, na kwa kawaida hutunza maelezo yaliyoandikwa baada ya alama ya #. Ile ya Python huyapoteza.

Kwa netplan hasa, kumbukeni kuwa /etc/netplan huweza kuwa na mafaili kadhaa yanayounganishwa. Kuuliza faili moja ni kupata nusu ya jibu. Tumieni sudo netplan get, inayoonyesha yote yakiwa yameunganishwa.

Kwa ofisi zisizo na intaneti ya uhakika, ile yq ya Go ni faili moja tu: ipakueni mjini, ibebeni kwa flashi, iwekeni /usr/local/bin na kuipa ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Nanyi mkichapisha amri tena, tunaomba mwandike pembeni yake ni programu ipi na toleo lipi.

Wasimamizi wa mifumo,
Gulu