YAH: Malalamiko kuhusu thieta ya mifupa mliyotujengea

Muuguzi Msimamizi,
Thieta ya Mifupa,
Tanga.

Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye msimamizi wa thieta ambayo kampuni yako ilitufungia mwaka jana, ile ya paneli za chuma zilizokuja kwenye makontena na kusimamishwa ndani ya wiki sita. Jina langu limo kwenye hati ya makabidhiano. Fundi wenu nimempigia mara nne na barua pepe nimeandika mbili, na jibu ni lilelile: mfumo wa hewa unasoma vizuri. Unasoma, sikatai. Ninachobisha ni hicho unachokisoma.

Sisi wauguzi wa thieta tuna kipimo chetu cha tangu zamani. Unachana ukanda mwembamba wa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, unaubandika kwa plasta juu ya fremu ya mlango, kisha unafungua mlango kidogo. Gozi ikipeperukia koridoni, ujue hewa inatoka chumbani na mambo ni salama. Ikivutwa ndani, vumbi la korido linamfuata mgonjwa kitandani. Jumanne moja umeme ulikatika tukiandaa chumba. Jenereta ikawaka, taa zikarudi, dari ikaanza kuvuma, na skrini ya ukutani ikaonyesha msukumo wa hewa kwenda nje ni paskali 15, kama mkataba unavyotaka. Gozi yangu ikaingia ndani na kubaki imenyooka hivyohivyo. Nikafungua mlango wote, nikauzuia kwa kiti. Skrini ikasema 15. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, mlango bado uko wazi. 15.

Mhandisi wetu wa vifaa tiba alipanda darini siku hiyohiyo. Alikuta kwamba umeme ukikatika na kurudi, feni ya kutoa hewa inajiwasha yenyewe, lakini feni ya kuingiza hewa iliyochujwa inasubiri mtu aingize namba ya siri, na namba hiyo anayo fundi wenu wa Dar es Salaam peke yake. Kwa hiyo chumba kinafyonza hewa ya korido mpaka fundi apokee simu. Skrini nayo inang'ang'ania namba ya mwisho iliyoisoma kabla giza halijaingia. Kukatika kwa umeme huku kwetu hakukuwa siri wakati mnachora. Feni ya kuingiza ndiyo iwake kwanza, ya kutoa ifuate. Ya kwanza ikigoma, ya pili nayo isiwake. Hilo hata fundi wa friji wa hapa mtaani analielewa, maana nilimuuliza.

Fundi wenu aliniambia gozi ni kipimo cha kienyeji. Sawa, ni cha kienyeji, ila hakihitaji namba ya siri.

Pengine mnaona nakuza jambo, kwa hiyo niseme kwa nini mfupa si sawa na tumbo. Tukimwekea mtu chuma, vijidudu vikishatua juu ya chuma hicho hujijengea utando ambao dawa haziupenyi vizuri. Mgonjwa anaruhusiwa anacheka, halafu anarudi baada ya miezi na kovu linalotoa usaha. Mara nyingi chuma kinatolewa, mfupa unakwanguliwa, na safari inaanza upya, huku familia ikiwa imeshauza mbuzi wa kwanza na wa pili. John Charnley, bingwa wa kubadilisha nyonga pale Wrightington, Uingereza, alihangaika na hewa ya thieta miaka ya 1960 mpaka akawa anafanyia upasuaji ndani ya kibanda cha hewa iliyochujwa. Maambukizi kwa wagonjwa wake yalishuka kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya asilimia 1, ingawa mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi ya hewa peke yake. Mwakilishi wenu alitusimulia habari hiyo kikaoni akituuzia dari kubwa ya kushusha hewa wima. Hakutuambia kwamba mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mifumo ya namna hiyo isitumike kama njia ya kupunguza maambukizi kwa wanaobadilishiwa viungo, kwa kuwa ushahidi haukuonyesha kwamba inashinda mfumo wa kawaida. Sisi tungetosheka na hewa safi inayobadilika mara 20 kwa saa na inayosukuma kwenda nje saa zote. Hakuna kitu kwenye ankara yenu kilichokula pesa kama dari ile, na sasa ndiyo inayotudondoshea maji. Msimu wa masika, hewa ya pwani ikiwa nzito, matone yanajikusanya kwenye kingo zake na kudondoka juu ya vitambaa tulivyokwisha kuvitakasa.

Eksirei. Wagonjwa wetu wengi ni vijana wa bodaboda waliovunjika paja au muundi, na mifupa mingi ya aina hiyo tunaweza kuifunga bila eksirei, kwa misumari ya SIGN, inayopitishwa ndani ya mfupa na ambayo ina fremu yake ya kulenga matundu ya skrubu. Nyonga ya bibi aliyeteleza bafuni ni habari nyingine, unahitaji si-amu, mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa wakati upasuaji ukiendelea. Ninyi wenyewe mliichora si-amu kwenye ramani, pembeni ya kitanda, imepakwa rangi ya buluu nzuri kabisa. Lakini paneli zenu hazina ndani yake madini ya risasi ya kuzuia mionzi, wala mlango hauna, na upande wa pili wa ukuta ndipo wagonjwa wanapoamkia kutoka usingizini, na muuguzi wangu anakaa hapo kutwa nzima. Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, inayosimamia mionzi, hatuwezi hata kukiomba kwa ukuta huo. Mashine imefunikwa shuka, na bibi anapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, na nyonga iliyovunjika.

Halafu mlango. Kijana mmoja aliletwa kutoka wodini na mguu ukiwa kwenye mawe, yaani amefungiwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda ili mfupa usipandane. Kitanda kilifika mlangoni kikakataa kukata kona. Korido ni nyembamba, mlango una sentimita 110, na kitanda chenye vyuma vya kuvutia mguu ni kirefu kuliko kile mlichokichora. Ikabidi tuyaondoe mawe. Mimi nikashika kisigino, mwenzangu akashika chini ya goti, tukavuta kwa mikono huku wengine wakikiinamisha kitanda. Yule kijana alinishika gauni akaniita "mama, mama, niache kwanza". Uzi wa gauni umechanika begani, sijaushona bado.

La mwisho ni stoo. Upasuaji wa mifupa ni skrubu, pleti na masanduku ya vyuma kwa makumi, na huwezi kujua urefu wa skrubu mpaka daktari ameshatoboa na kupima. Stoo mmeiweka upande wa pili wa korido. Nilimpa mwanafunzi wa uuguzi kazi ya kuhesabu: katika operesheni moja ya saa mbili na nusu, mlango ulifunguliwa mara 41. Kabati la ukutani lenye milango miwili, mmoja ndani na mmoja nje, lingemaliza jambo hili, na katika paneli ni kukata tundu tu. Nililitaja siku ya kwanza mlipokuja kupima. Aliyekuwa akiandika aliandika.

Nisiwanyime haki yenu: sakafu ni nzuri, imepanda ukutani bila kona ya kukusanya uchafu, na kuta zinaoshwa kwa dakika chache. Wafanya usafi wanawashukuru.

Ninachoomba ni hiki. Namba ya siri apewe mhandisi wetu ndani ya siku 3, hilo halihitaji gari wala kikao. Ndani ya siku 21 mpangilio wa feni ubadilishwe, na kipimo cha msukumo kionyeshe hali ilivyo, au kizime kabisa kinaposhindwa kusoma. Risasi ya kuta na mlango, upana wa mlango wenyewe na kabati la ukutani, tunataka michoro mipya ije na mchoraji, akae nasi siku moja ya operesheni tangu saa 1 asubuhi, na yeye mwenyewe asukume kitanda. Maji ya dari ayaone pia. Kipindi cha matazamio, ambacho kasoro ni juu yenu kurekebisha, hakijaisha na fedha zenu za mwisho hazijalipwa. Nimeshamwomba Mganga Mfawidhi asisaini malipo hayo, na amekubali.

Gozi bado ipo juu ya fremu. Tunaibadilisha kila Jumatatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi Msimamizi, Thieta ya Mifupa

Nakala: Mganga Mfawidhi, Kitengo cha Ununuzi na Ugavi, Mhandisi wa Vifaa Tiba