Mhariri, tuwekee na fumbo la vijiti sita kwenye chemshabongo

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, na ukiona nimerefusha punguza unavyotaka ila namba usiziguse, maana bila zile namba ombi langu halina miguu.

Mimi gazeti naanzia michezo kama watu wengine halafu naruka moja kwa moja hadi chemshabongo. Pale kuna fumboneno, kuna sudoku, kuna zile picha mbili za kutafuta tofauti, vyote safi sina ugomvi navyo. Ila vyote vinamalizwa na kalamu. Naomba uongeze kimoja cha kumalizwa kwa mikono, yaani fumbo la vijiti sita vya mbao, na najua hapo hapo utasema gazeti ni karatasi, mbao utazichapishaje, subiri nakuja.

Kwa wasiolijua: ni vijiti sita vya saizi moja, kila kimoja kimekatwa mapengo katikati. Viwili vinalala, viwili vinasimama, viwili vinapita kwa ubavu, vyote vinakutana kati na kubanana, hakuna msumari hakuna gundi, na likishafunga unaweza kulirusha juu ukalidaka lisiachie. Kwenye yale ya kawaida kuna kijiti kimoja tunakiita ufunguo, hakina pengo hata moja, kinaingia mwisho kabisa na kutoka kinatoka cha kwanza. Kwa hiyo kulifungua si kazi, mtoto anasukuma sukuma mpaka kinateleza. Kazi inaanza vijiti vikiwa vimemwagika mkekani na unaambiwa haya rudisha.

Ndo maana wale wanaouza vitu vya watalii wananikera kidogo. Wanaliuza limeshaungwa, limepakwa vanishi linang'aa, mtu ananunua anaweka kwenye kabati la vyombo na hataligusa maisha yake yote. Fumbo liuzwe limebomolewa, kwenye kimfuko, mnunuzi ahangaike! Halafu kuna wanaomwambia mgeni eti ni sanaa ya kale ya Mswahili. Hapana jamani. Wachina wanayaita kufuli la Lu Ban, yule fundi wao wa zamani wanayemheshimu, na Ulaya nako yapo miaka mingi, mwaka 1803 yalikuwa yanauzwa kwenye katalogi ya duka la Bestelmeier kule Nuremberg, Ujerumani. Sisi tuna milango yetu ya kuchonga, tuna majahazi, tuna bao, hatuna haja ya kujibandikia cha mwenzetu. Cha kwetu kwenye mchezo huu ni namna tunavyoucheza. Barazani kwetu Ngamiani tumeuweka kwenye sheria ya vitendawili, ukishindwa kuunga unatoa mji ndo unaonyeshwa. Kuna mzee mmoja hapa ameshapewa Mombasa, Lamu, Tabora na Ujiji, sasa hivi tumebaki kumpa vijiji.

Nirudi kwenye karatasi. Kijiti kinachukuliwa kama kimejengwa kwa vipande vidogo vya mchemraba, upana viwili, kimo viwili, urefu sita. Pale katikati, sehemu vinapokutana, kuna vipande 12 tu ambavyo fundi anaweza kuviondoa au kuviacha, vingine havitolewi. Basi waliobobea wamevipa hivyo 12 thamani, cha kwanza 1, cha pili 2, halafu 4, 8, 16, hivyo hivyo kila kimoja mara mbili ya mwenzake mpaka 2048. Unajumlisha thamani za vilivyoondolewa, unaongeza moja, hiyo ndo namba ya kijiti. Ufunguo usio na pengo ni namba 1. Kile kilichotolewa vipande vyote kuanzia chenye thamani 1 mpaka chenye thamani 512 ni namba 1024. Umeona sasa? Fumbo zima linaingia kwenye namba sita tu! Sudoku inakula robo ukurasa, hili linakaa mstari mmoja chini ya utabiri wa nyota, na mchoro wa kuonyesha kipande kipi kina thamani ipi unauchapa mara moja kwa mwezi basi.

Na usiogope kwamba yatakuisha. Kuna Mmarekani mtu wa hesabu, Bill Cutler, mwaka 1978 alitoa hesabu ya mafumbo haya yale ambayo ndani yameshiba, hayana uwazi. Alikuta aina 369 za vijiti zinafaa, na zinaungwa kwa njia 119,979. Ila mimi siombi zote. Kati ya hizo 369 kuna 25 ambazo unakata kwa msumeno tu, pengo linapita wazi kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, hazina zile kona za ndani zinazotaka patasi nyembamba na roho ya subira. Hizo 25 peke yake zinaungwa kwa njia 314. Hata ukichuja zile zinazorudia vijiti vile vile, ukichapa moja kila Jumapili unakwenda miaka, mhariri mwingine atakuja kukupokea kiti na bado hujazimaliza.

Huyo huyo Cutler hakuishia hapo, kuanzia 1987 mpaka 1990 kompyuta zilimhesabia na yale yenye uwazi ndani, akapata njia 35,657,131,235. Bilioni thelathini na tano na ushee kwa vijiti sita! Ni kweli nyingi kati ya hizo ziko kwenye hesabu tu, kwa mikono huwezi kuziingiza, lakini hizo zinazobaki ndo tamu zenyewe. Maana ndani kukiwa na uwazi vijiti vinatembea, unasukuma hiki kinasogea kidogo kinakwama, unavuta kile, unarudisha cha kwanza, bado hakuna kilichotoka. Levo ya fumbo inahesabiwa hapo, miondoko mingapi mpaka kijiti cha kwanza kitoke. Lile la ufunguo ni levo ya 1. Cutler alitengeneza la levo ya 5 mwaka 1984 likawa gumzo kwa wapenzi wa mambo haya, na Bruce Love wa New Zealand analo la miondoko 12. Hilo la miondoko 12 nilichongewa na fundi hapa hapa, na kila mgeni anayekuja nyumbani anajifanya anaangalia tivii huku mkono uko kwenye vijiti. Wengine wanataka nyundo. Nyundo kwangu hairuhusiwi na hata kugonga gonga kwenye meza sipendi, vijiti vikichongwa vizuri vinatoka kwa vidole viwili, ukiona umetumia nguvu ujue njia siyo hiyo.

Sasa mbao. Huku ndo nakasirika kabisa. Muheza hapo pana shamba la serikali la Longuza, mtiki mtupu, na Tanga hii mafundi wa samani ni wengi, ukipita karakana jioni unakuta vichwa vya mbao vya mtiki, vya mninga, vya mkongo, urefu wa shibiri moja, vinasubiri kwenda jikoni kupikia maharage. Mtiki jamani! Mbao yenye mafuta yake, haichezi chezi na unyevu, ndo mbao ya kutengenezea kitu ambacho kikivimba kidogo tu hakifunguki. Nina seti za mbao laini nilizoletewa kutoka nje, kila masika zinagoma, hazitoki hazirudi mpaka jua lirudi, na kiangazi zinalegea mpaka zinamwagika zenyewe kabatini. Zile za mtiki alizonichongea fundi mwaka mzima ziko vile vile. Watu husema mtiki unasumbua gundi, sawa, lakini kitu hiki hakina gundi kwa hiyo kinasumbua nini?

Vipimo navyo si vya kutisha. Kijiti milimita 24 kwa 24, urefu 72, pengo linazama milimita 12, yaani nusu kamili. Wapo wanaopenda kirefushwe mpaka 96 ncha zitokeze vizuri, ni sawa tu. Fundi anatakiwa apige randa mbao yote kwanza iwe unene mmoja ndo akate vijiti, asikate kwanza halafu akaanza kuparua kimoja kimoja, hapo ndo wengi wanaharibu, kijiti kimoja kinakuwa 24 kingine 23 na nusu, fumbo linacheza kama jino bovu. Msasa apitishe kidogo sana, na zile kona za nje azivunje makali ili zisimchane mtu, basi.

Na kama kuna mwalimu wa ufundi anasoma hapa, kuna lingine la vijiti 12 ambalo William Altekruse alilichukulia hataza Marekani mwaka 1890. Vijiti vyote 12 vinafanana. Unamwonyesha mwanafunzi kukata kimoja, anarudia mara kumi na mbili mpaka mkono unazoea msumeno, na zawadi yake analiunga. Tena halina ufunguo, linagawanyika nusu mbili zinazoteleza kwa pamoja, raha yake ni kuliona tu sitalieleza likaeleweka.

Najua vijana watasema mzee hayo yote yapo kwenye simu. Mengine yapo ndio. Ipo hata programu ya kompyuta ya bure inaitwa BurrTools, ya Andreas Röver, unaiwekea maumbo ya vijiti inakutafutia majibu yote na hatua za kufungua moja moja. Mimi mwenyewe ninayo na siichukii hata kidogo, tena hiyo ndo nataka dawati lako la chemshabongo waitumie kabla ya kuchapa, wahakikishe zile namba sita zina jibu moja tu na kwamba fumbo linafunguka kweli, msije mkachapa kitu cha kwenye hesabu watu wakapoteza mbao zao. Lakini msomaji kuiuliza programu kabla hajashika kijiti, huyo ni sawa na kugeuza ukurasa kusoma majibu ya fumboneno, anatoa mji bila kuulizwa kitendawili.

Kwa hiyo ombi langu ndo hilo, namba sita kila Jumapili, mchoro wa vipande 12 mara moja kwa mwezi, miezi ya mwanzo mkae kwenye zile 25 za msumeno ili hata mwenye msumeno wa chuma na kipande cha mbao ya boksi asiachwe. Jibu msichape wiki inayofuata kama sudoku, toeni wiki tatu angalau, mtu mpaka apate mbao, apate fundi, fundi mwenyewe akuambie njoo kesho, unazijua kesho za mafundi. Michoro ya kuanzia ninayo, nimeichora kwa rula kwenye daftari la hesabu, ukiihitaji nitaileta kwa wakala wako hapa Tanga.

Wako msomaji,
Mzee wa Vijiti,
Ngamiani, Tanga